Ng'ombe wa Ghati Wako Kemambo

Karatasi ilibandikwa saa nne asubuhi, kweupe, kwenye mlango wa mbele ambao kila anayetoka Morotonga kwenda sokoni Mugumu lazima aupite. Vijana wawili wa benki walikuja na pikipiki. Mmoja alishika gundi, mwingine simu, na huyu wa simu alizunguka nyumba nzima akipiga picha: mbele, ubavuni, mabati, tangi la maji. Alipofika nyuma alimkuta Modesta anatoka chooni, kopo mkononi, mtoto mgongoni.

"Dada, samahani, sogea kidogo," alisema kwa adabu zake zote. "Unaingia kwenye picha."

Modesta akasogea. Ndivyo alivyolelewa kwao Kemambo: ukiambiwa sogea unasogea, maswali baadaye. Pikipiki ilipoondoka ndipo akaenda mbele kuangalia walichokifuata. Alimkuta Shamsudin, fundi cherehani aliyepanga fremu ya kushoto, amesimama mbele ya ile karatasi na futi shingoni, anaisoma bila haya. Shamsudin alipomwona alirudi upesi kwenye cherehani yake, akaanza kuikanyaga. Haikuwa na kitambaa.

Ilikuwa notisi ya siku sitini. Ilimtaja Ghati Nchagwa, mjane, mkazi wa Morotonga. Ilisema mkopo alioudhamini kwa nyumba hiyo haujalipwa kwa miezi saba, kwamba deni lililobaki ni shilingi milioni nne laki tisa na themanini elfu, na kwamba lisipolipwa nyumba itauzwa kwa mnada wa hadhara. Modesta alikuwa amefika kidato cha pili, Kiswahili cha karatasi hakikumshinda. Hata hivyo aliisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza akashika nguzo ya baraza.

Alikuwa ameishi katika nyumba hiyo karibu miaka minne. Aliisafisha, aliipaka chokaa kila Desemba, alizalia watoto wawili ndani yake, na hapakupita wiki bila kuambiwa, "Hii ni ya mwanao, uitunze." Hakuna aliyemwambia kwamba iko rehani.

Ghati alikuwa uani juu ya kigoda, fimbo yake pembeni, anachambua mahindi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na moja, mkubwa wa mifupa, na tangu pikipiki imvunje nyonga mwaka uliopita alikuwa akitembea kwa kuchagua mahali pa kukanyaga.

"Mama," Modesta alisema, "hii nyumba imewekwa rehani?"

"Nani kasema?"

"Karatasi ya mlangoni."

"Karatasi zinasema mengi." Akatupa punje moja iliyooza. "Umeisoma yote?"

"Yote."

"Basi unajua kuliko mimi. Mimi niliweka dole gumba tu."

Msomaji asiyetoka Mara huenda anajiuliza mume wa Modesta alikuwa wapi siku hiyo. Hakuwapo, wala hakuwahi kuwapo. Modesta aliolewa na Ghati. Wakurya wanaiita nyumba ntobu: mama aliyekosa mtoto wa kiume, au aliyekosa mtoto kabisa kama Ghati, anatoa ng'ombe wake, anaoa binti, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wake na wanaitwa kwa jina la marehemu mumewe. Nani amewazaa si habari ya kuuliza watu wakila. Shemeji yake Ghati, mzee Werema, alikuwa na tabia ya kupita kila Jumapili baada ya ibada akihesabu madirisha ya nyumba ya kaka yake. Siku Nchagwa mdogo alipozaliwa aliacha kupita.

"Na zile safari za benki kila tarehe tano?" Modesta aliuliza. "Uliniambia unaweka akiba."

"Nilikuwa naweka. Kwao."

*

Jumanne walikwenda kuonana na Mama Kuruthumu. Alikuwa mwanamke wa Mugumu, mtoto wa wafanyabiashara, aliyekaa dirishani benki miaka ishirini na mbili kabla ya kustaafu. Sasa shirika moja dogo lilimlipa posho asikilize watu walioshindwa mikopo ya nyumba na kuwasemea kwa wakopeshaji. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kando ya duka la fotokopi. Mlangoni palikuwa na bango: USHAURI KWA WAKOPAJI, BURE. Hilo neno la mwisho liliwafanya wengine waamini kuwa wanakwenda kusamehewa deni, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuwatoa katika ndoto hiyo.

"Shikamoo mama," alimwambia Ghati, akamvutia kiti chenye mgongo. "Na huyu binti?"

"Mokamona wangu," Ghati alisema kwa Kikurya, kisha akaongeza, "mkwe. Anajua kusoma."

Mama Kuruthumu alikuwa ameshachukua nakala ya faili kutoka benki. Alivaa miwani, akalifungua.

"Nianze na hili. Mimi siyo benki na siyo polisi. Ukinificha kitu nitakushauri vibaya, na utakayelia ni wewe. Mficha uchi hazai, mama."

Mama Kuruthumu alizaliwa Mugumu na alijua nyumba za watu. Alitambua alichosema baada ya kukisema, akashusha macho kwenye faili.

"Mimi sikuzaa hata bila kuficha," Ghati alisema polepole. "Endelea tu."

Akaendelea. Aliuliza kinachoingia na kinachotoka. Fremu ya kulia ilikuwa duka la dawa, wakahamia soko jipya, sasa ni tupu. Fremu ya kushoto ni ya Shamsudin, elfu sitini kwa mwezi. Biashara ya mahindi ilikufa nyonga ilipovunjika. Rejesho lilikuwa laki mbili na ishirini na nane elfu na mia tano kila mwezi kwa miaka mitano, na Ghati alikuwa amelipa mara thelathini na nane bila kuchelewa hata siku moja.

"Ulijitahidi," Mama Kuruthumu alisema, na ilisikika kwamba anamaanisha. "Wengi hawafiki kumi. Sasa sikiliza. Benki watakubali kupanga upya mkopo ukiweka milioni moja laki saba na themanini, ili ile miezi saba na adhabu yake ifutike. Unayo?"

"Sina."

"Unaweza kuuza nyumba mwenyewe kabla ya mnada. Ukiuza mwenyewe unapata bei ya nyumba. Mnadani unapata bei ya haraka, na ya haraka inamaliza deni tu, wewe unaondoka na vyungu."

"Niuze nyumba ya Nchagwa? Werema apige vigelegele?" Ghati alishika fimbo kama anayetaka kuondoka. "Hiyo iache."

"Naiacha. Basi kuna mali uliyoandikisha hapa." Alipitisha kidole kwenye fomu. "Madhumuni ya mkopo: biashara ya ng'ombe. Milioni tisa. Ulinunua ng'ombe kumi na wawili. Tena afisa amekupigia simu mara tatu, na mara zote umesema wapo. Mama, wako hai kweli?"

"Wako hai."

"Alhamdulillahi. Wauze wanne na deni la haraka limekwisha. Mnada wa mifugo ni wiki ijayo. Wako wapi?"

Ghati aliangalia dirishani.

"Wako Kemambo," alisema.

"Nani anawachunga?"

Modesta, aliyekuwa amekaa na Bhoke, mtoto wake wa pili, kifuani, aliinama mbele akaisoma fomu kichwa chini miguu juu. Mkopo ulitolewa tarehe kumi na nne Juni. Ng'ombe wake wa mahari waliingia boma la baba yake tarehe kumi na saba Juni. Aliikumbuka tarehe hiyo kwa sababu alikuwa amejificha nyuma ya ghala na wanawake wenzake wakiwahesabu kwa sauti wanapoingia, na wa kumi na wawili alikuwa jike mweupe mwenye doa shingoni, wote wakacheka kwa furaha.

"Mama," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza, "hao ng'ombe ni mimi?"

Mama Kuruthumu alivua miwani. Akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine.

"Ulikopa benki ukaoa," alisema. Hakuwa anauliza.

"Niliomba mkopo wa ng'ombe, nikanunua ng'ombe," Ghati alisema. "Hakuna aliyeniuliza watalala wapi. Ng'ombe wa mahari ni wa aliyetoa mpaka ndoa ikae. Ukiniuliza ng'ombe wangu wako wapi, nakwambia ukweli: wako Kemambo kwa Mseti, baba yake huyu. Sijadanganya mtu."

"Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga," Mama Kuruthumu alinong'ona. "Nimekaa benki miaka ishirini na mbili, hili sijaliona." Kisha mazoea ya kazi yakamrudia, akasema neno ambalo baadaye alilijutia sana. "Kwa hiyo hapa, mali inayoweza kugeuka fedha haraka ni hao ng'ombe, na hawarudi ila..."

Hakumaliza. Alimwona Modesta. Lakini Ghati alikuwa ameshasikia, na Modesta akamwona ameweka mkono wa kulia juu ya goti, vidole vikikunjwa kimoja kimoja, anapiga hesabu.

*

Siku nne walikaa nyumba moja kama wapangaji. Ghati alikula kidogo, aliongea na simu nyuma ya banda la kuku, na Modesta akikaribia aliikata. Majirani walikuja kutoa pole. Mama mmoja wa kwaya alisema Mungu hamtupi mja wake, kisha akauliza kama kitanda cha chuma kitauzwa pamoja na nyumba au kando. Shamsudin alianza kumwamkia Modesta bila kumwita mama mwenye nyumba kama zamani.

Ijumaa jioni Ghati alisema, "Kesho tunakwenda Kemambo. Vaa vizuri. Wavalishe na watoto."

"Kuna nini Kemambo?"

"Kuna wazazi wako. Si uliwakumbuka?"

Modesta alipiga pasi gauni la kitenge ambalo Shamsudin alilishona kwa ubatizo wa Bhoke. Alimkata kucha Nchagwa, akampaka mafuta. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Kichwani alikuwa na wazo moja, akalifukuza, likarudi: mama hawezi. Mimi ndiye niliyemwogesha alipokuwa kitandani miezi minne na nyonga yake. Mama hawezi.

*

Mseti aliwapokea vizuri kupita kiasi. Alikuwa amevaa koti, na viti viwili vya plastiki vilishapangwa nje ya boma. Alimbeba Nchagwa, akamsifu mapaja yake, akamwambia Modesta aende jikoni akamsaidie wifi yake.

Wifi aliitwa Tabitha, mke wa kaka yake Amos, msichana mwembamba kutoka Nyansurura. Modesta hakuwa amekaa naye sana. Alimkuta anakoroga uji na macho mekundu, na haukuwa moshi.

"Wifi, kaa," Tabitha alisema. "Mimi sijui kitu." Mtu asiyejua kitu hasemi hivyo.

Ukuta wa jiko ulikuwa wa fito na udongo, na upande wa boma udongo ulikuwa umedondoka. Modesta alikaa pale palipodondoka, akamtoa Bhoke mgongoni, akampa ziwa. Sauti ya baba yake ilipita bila shida.

"Kama tulivyoongea kwenye simu," Mseti alisema. "Kumi na wawili hawapo, usiniulize hao. Walitoka hapa kwenda Nyansurura, wakamwoa mke wa Amos. Nikiwadai kule, navunja na nyumba ya mwanangu. Hawa unaowaona ni wangu mwenyewe."

"Nawaona," Ghati alisema.

"Sita. Amekuzalia watoto wawili, hao ni wako, wanabaki kwako. Mtu anarudi, watoto wanabaki, nusu inarudi. Ukiwauza vizuri unapata milioni nne na nusu. Benki watanyamaza."

Kama tulivyoongea kwenye simu. Modesta aliyasikia maneno hayo, na kwa muda hakusikia kitu kingine chochote. Hakulia. Alikuwa anashangaa tu, mshangao mzito usiosogea, kwamba nguo aliipiga pasi mwenyewe, kucha akamkata mtoto mwenyewe, nauli akaihesabu yeye. Amejileta.

"Mbona una haraka, Mseti?" Ghati aliuliza nje.

"Haraka gani? Nakusaidia. Halafu kuna bwana mmoja wa biashara ya dhahabu upande wa Nyamongo ameshaulizia. Mtu mzima, hana matatizo. Ametaja kumi na wanne." Akacheka kidogo. "Wewe unapata nyumba, mimi napata ng'ombe, kila mtu anaendelea na maisha."

"Huyu mdogo bado ananyonya."

"Maziwa ya ng'ombe yapo. Tena si unaondoka nao?"

Tabitha aliacha kukoroga. Modesta alisimama na Bhoke bado ananyonya, akatoka nje, akavuka uwanja, akakaa chini kwenye vumbi kati ya viti viwili vya plastiki, gauni la kitenge na yote.

"Rudi jikoni," Mseti alisema.

"Tata, mnaongea habari yangu. Nimekuja kusikiliza."

"Nimesema rudi."

"Nimesikia. Sirudi."

Kwa mwanamke wa Kemambo kumjibu baba yake hivyo mbele ya mgeni, ilikuwa kama kuvua nguo. Mseti alitazama huku na huku kuona nani mwingine kasikia. Mchunga ng'ombe wa jirani alikuwa amesimama nje ya uzio, mdomo wazi. Nchagwa alimfuata mama yake, akakaa kwenye paja lililobaki, akaanza kuchora mchangani kwa kidole.

Ghati alinyanyuka kwa shida, akaegemea fimbo, akaenda mpaka walipofungwa wale sita. Alikuwa anajua ng'ombe. Aliwapapasa mgongo mmoja mmoja, akawatazama meno, akambonyeza jike mmoja tumboni akajua ana mimba. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kukagua ng'ombe sita. Modesta alimwangalia mgongo wake mpana na kumchukia kwa moyo wote, na ndani ya chuki hiyo bado alikuwa akiangalia nyonga kama haimuumi.

Ghati alirudi, hakukaa.

"Ng'ombe wako ni wazuri, Mseti. Sitawachukua."

"Bei imekuwa ndogo?"

"Siyo bei."

"Niongeze mmoja?"

"Usiongeze."

"Sasa nini?"

"Nimeshindwa."

Mseti alimtazama kama mtu aliyeuziwa simu mbovu. "Umeshindwa kulipa benki, sasa umeshindwa na kuchukua ng'ombe. Wewe mama, unaweza nini?"

Ghati aliinama kumchukua Nchagwa, nyonga ikakataa, Tabitha akaja mbio kutoka jikoni akamwinulia mtoto. Uji waliopikiwa hawakuunywa.

*

Waliteremka Mugumu jua likielekea kuzama, wakaanza kutembea kwenda Morotonga, Ghati nyuma, Modesta mbele na watoto wote wawili.

"Nilikosea," Ghati alisema.

Modesta aliendelea kutembea.

"Nimesema nilikosea."

"Ulinivalisha vizuri, mama."

"Eeh."

"Kwa nini?"

Fimbo ilisimama. "Ili baba yako aone sijakuchakaza," Ghati alisema. "Asipunguze."

Modesta alidhani akijibiwa ukweli moyo utatulia kidogo. Haukutulia. Alikuwa ameokolewa na hakuhisi shukrani, alihisi ameibiwa kitu ambacho hakukijua kuwa nacho. Aliyemnunua kwa deni na aliyekataa kumrudisha walikuwa mtu mmoja, anachechemea nyuma yake, anahema. Alipunguza mwendo kwa ajili ya nyonga, hakugeuka.

Notisi ilikuwa bado mlangoni. Mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu, chini yake: vyumba vingapi?

*

Jumanne Mama Kuruthumu alikuwa na soda tatu mezani, jambo ambalo shirika halikumlipia. Alianza kwa kuomba radhi kwa yale aliyoyasema wiki iliyopita. Ghati alimkatiza kwa mkono.

"Andika nauza mwenyewe."

"Umefikiri vizuri, mama?"

"Nimefikiri vibaya kwanza, ndiyo nikafika hapa. Andika."

Mnunuzi hakuwa wa kutafutwa mbali. Shamsudin alikuwa ameshakuja ofisini jana yake, kwa aibu zake zote, na barua ya ndugu zake wa Tarime mjini waliokubali kumchangia: milioni kumi na saba na nusu. Mama Kuruthumu alikuwa amewapigia benki, wakakubali kusimamisha mnada mpaka mauzo yakamilike. Alieleza taratibu, mara hii bila methali hata moja. Fedha zitapitia benki, deni litakatwa, na kitakachobaki ni kama milioni kumi na mbili na nusu. Zinatosha kiwanja pembeni ya mji na vyumba viwili vya tofali, wasipojenga kwa kiburi.

Ghati aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Alikuwa amezeeka ndani ya wiki moja. Nyumba aliyoiweka rehani ili ipate mrithi ilikuwa inakwenda, na mrithi alikuwa chini ya meza anajaribu kufungua soda kwa meno.

"Zinazobaki ziingie akaunti ya nani?" Mama Kuruthumu aliuliza. "Yako, mama?"

"Yangu."

"Hapana," Modesta alisema.

Wote wawili walimgeukia. Modesta alikuwa na Bhoke mgongoni, mikono ameishikanisha juu ya meza.

"Zikae kwenye akaunti ya watu wawili. Mmoja asitoe bila mwingine. Na kiwanja kikinunuliwa, hati iandikwe majina mawili. Lake na langu."

Ghati aliinama mbele, kama asiyesikia vizuri.

"Nani kakufundisha maneno haya?"

"Wewe. Jumamosi."

"Mimi ni mama yako."

"Baba naye ni baba yangu." Modesta alikuwa haongei kwa ukali. Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma karatasi ya mlangoni. "Usipotaka, leo hii nachukua watoto wangu naondoka. Siendi Kemambo, siendi kwa huyo wa dhahabu, nitakwenda ninakokujua mwenyewe. Na hakuna ng'ombe atakayerudi kwako, hata mkia."

"Watoto ni wa marehemu Nchagwa," Ghati alisema. "Wa nyumba yangu."

"Mwulize huyu mama kama sheria inasema hivyo."

Ghati alimgeukia Mama Kuruthumu. Naye alikuwa amejifunza tangu wiki iliyopita kwamba kuna majibu ya kutoa taratibu. Aliangalia kalamu yake.

"Sheria iliyoandikwa haiijui ndoa yenu, mama," alisema. "Mahakamani, hao ni watoto wa aliyewazaa."

Ghati alikuwa na sura ambayo Modesta aliitambua, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa nayo mbele ya ule mlango siku ya karatasi: mtu anayegundua kwamba kitu alichokiita chake miaka yote kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Nje, mashine ya fotokopi ilikuwa inavuta karatasi moja baada ya nyingine. Nchagwa alifanikiwa kufungua soda, nusu ikamwagika sakafuni, na hakuna aliyemkaripia.

Mama Kuruthumu akauliza kwa upole, "Nikimwandika, niandike ni nani kwako? Fomu inataka uhusiano. Mkwe? Mke? Mwana?"

Ghati alimtazama Modesta, kama anayeomba asaidiwe.

"Andika jina tu," Modesta alisema.

Ghati aliisogeza fimbo yake kutoka kulia kwenda kushoto, akauvuta karibu yake mkebe wa wino wa kuwekea dole gumba.

"Modesta Mseti," alimwambia Mama Kuruthumu. "Liandike la kwanza. Langu lifuate."